Fuko Avuka Mto

Enzi wanyama walipokuwa wakiajiriana, Fuko alimchimbia Ngiri mashimo. Kila alipofungua mdomo, Ngiri alimkemea, "Wewe chimba tu!" Fuko akachoka, akavuka mto hadi nchi ya Nungunungu, ambako sheria ilitaka mchimbaji aulizwe kwanza.

"Fundi, udongo huu unauonaje?" Nungunungu akamuuliza. Fuko nusura alie kwa furaha.

Mvua zikaja, mashimo ya Ngiri yakaporomoka. Akamfuata Fuko mbio. "Rudi, ndugu yangu! Nitakupa mizizi maradufu."

"Mizizi ilinitosha. Nikikwambia mahali hapachimbiki, utanisikiliza?"

Ngiri akaketi kwenye tope. "Nifundishe hiyo sheria ya huku."

Wakarudi pamoja. Masika yaliyofuata watoto wa Ngiri walilala pakavu, na mafuko wa ng'ambo wakaanza kuja kwake kuomba kazi.