Ngurumo Ndiyo Huondoka Kwanza

Katika nyumba hii ya mjini Cartago watu huongea kwa kupayuka, maana ukoo mzima huanza kuzibika masikio ukubwani. Jirani akitaka umbeya wao, hana haja hata ya kutoka kitandani.

Yorleny, anayechunguza masikio ya panya kwenye maabara ya chuo, alikuwa akiwaeleza jamaa zake kwa sauti ya juu huku wakinywa kahawa. Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana. Protini ya kuvishikilia ina kasoro katika damu yao, kwa hiyo vinalegea, na sauti nzito ndizo hupotea mwanzo.

"Ngurumo ndiyo huondoka kwanza. Vijiko unaendelea kuvisikia."

"Kumbe ndiyo maana mume wangu simsikii," shangazi alisema. "Nasikia sahani yake tu."

Wakacheka mpaka mbwa akatoka nje.

"Na wewe, bingwa wetu?"

"Mimi mzima, shangazi. Nasikia kila kitu, hata mnavyonisengenya."

Kahawa kikombeni mwa Yorleny ikafanya viduara, kimoja ndani ya kingine. Kijiko kikatetemeka juu ya kisahani, na mlio wake akausikia vizuri kabisa.

Alipoinua macho, jirani aliyekuja kuomba chumvi alikuwa akijipiga ishara ya msalaba.

"Mama yangu, radi gani hiyo," jirani alisema.

Yorleny alikitazama kijiko. Shangazi alimtazama yeye. Kisha akavuta kiti, akamwinamia sikioni, akapayuka kama wanavyopayukiana wenyewe:

"Nikuongeze sukari, mwanangu?"