Fyuzi ya Feni

Mara nne gari la Mwantumu lilichemka njiani akienda kumuuguza mama yake. Mumewe, Shekue, akiliendesha, halikuwa na neno.

"Tatizo ni dereva," Shekue alimwambia fundi gereji, akimwonyesha mkewe huku akicheka.

Fundi hakucheka. Alikagua maji na rejeta, kisha akafungua kisanduku cha fyuzi. "Feni ya kupoza injini haizunguki, shemeji. Fyuzi yake haipo. Kuna mtu huichomoa."

Mwantumu alikumbuka simu za mama akiuliza amefika wapi, hasira zikampanda. Alimkingia mumewe kiganja.

"Itoe."

Shekue aliitoa mfukoni polepole. "Unashinda kwa mama yako kuliko nyumbani."

Fundi alipoichomeka, Mwantumu aliwasha gari, akafunga milango yote kwa ndani. Shekue aligonga kioo, akagonga tena. Feni ilikuwa ikivuma.