Kura 611 za Hapana

Siku ya hamsini na tatu ya kuilinda chemchemi, Yona aliambiwa ainuke kwenye kigoda chake.

"Nikishuka, nani atakaa hapa?" aliuliza, rungu likiwa magotini. Nyuma yake chemchemi ilitiririka kuelekea migomba na kahawa ya kijiji kizima. Mbele yake, hatua thelathini tu, bomba la hoteli lilikuwa limeachama tangu mafundi walipofukuzwa.

"Baba Prisca, chemchemi haina miguu," alijibu mkewe, Tabea. "Wewe unayo. Twende."

Tabea ndiye aliyeongoza kampeni ya HAPANA. Alikuwa amelisoma kwa makini tangazo la mtendaji wa kijiji, Philemoni: wananchi wataulizwa kama chemchemi ipewe hoteli, kituo ni kimoja, huko chini Maji ya Chai, kila mtu afike mwenyewe, hakuna kupigiana kura. Tabea akaapa kwamba hata kura moja haitabaki mlimani. Wagonjwa walibebwa kwa machela. Walinzi wote watano wa chemchemi walishuka pamoja, wamevaa makoti ya kanisani.

Demokrasia iliwasubiri ikiwa na ndoo ya rangi iliyotobolewa kifuniko, na kalamu moja iliyofungwa kamba, isije ikaibwa na wenye nchi.

"Matokeo yanaifunga serikali?" Yona aliuliza.

"Yanaishauri, mzee wangu," alisema Philemoni. "Na serikali yetu ni sikivu mno."

Kisha yeye mwenyewe akapiga HAPANA, akaionyesha karatasi hadharani. Watu walimpigia makofi hadi viganja vikauma.

Saa nane kura zilihesabiwa. HAPANA 611. NDIYO 0.

"Turudie," alisema Philemoni. "Pasiwe na manung'uniko."

Wakarudia. 611. Akamwomba mwinjilisti asali, sala ndefu, kisha akahutubia, kisha akataka zihesabiwe mara ya tatu, polepole, kwa sauti. Wanakijiji waliguswa. Hawakuwahi kumwona mtendaji anayezijali kura zao kiasi hicho.

Saa kumi na moja ujumbe uliingia kwenye simu yake. Akausoma, akafuta jasho, akasaini matokeo na kugonga muhuri.

"Mmeshinda, mama," alimwambia Tabea, akimpa mkono kwa mikono miwili. "Mmeshinda kabisa."

Walipanda mlima wakiimba mapambio. Tabea alitangulia, maana jioni hiyo ilikuwa zamu yake ya maji. Akainua kibao kinachozuia maji mferejini. Alitoka chura mmoja, akamtazama.

Juu chemchemini, kigoda cha Yona kilikuwa kimesogezwa pembeni kwa adabu, kisipate saruji.