Nta ya Inyonga

Osward alikuwa hawezi tena kusimama bila kushika kitu, na kila asubuhi alichoshika ni gari.

Mkono wa kushoto uliegemea ubavu wa pikapu. Wa kulia ulizungusha kitambaa, taratibu, mpaka rangi nyekundu ikang'aa kama nyanya iliyotoka kuoshwa. Polishi za madukani pale Kashaulili hakuziamini. Alitengeneza yake kwa nta ya nyuki kutoka Inyonga, akaiyeyusha kwenye kopo, akaiepua motoni ndipo akaichanganya na mafuta ya taa. Sabuni ya unga aliipiga marufuku. "Inakula rangi," alisema, "halafu jua linamalizia." Kazi ikiisha alimwita mkewe wafunike turubai, kisha akalala hoi mpaka jioni.

Lusia alisaidia kwa moyo mzito. Pikapu ile, Datsun kuukuu, aliijua kwa sauti yake. Ilikuwa ikikohoa mara mbili kabla ya kushika, na majirani waliitania kwamba ina pumu. Lakini tangu arudi kutoka kwao Kasansa, alikokaa miezi miwili kumuuguza mama yake, hakuisikia tena. Aliikuta imeegeshwa nyuma ya nyumba, na mumewe amekonda.

"Haitembei mpaka nipone," Osward alimwambia. "Na boneti isiguswe. Vidole vinaacha alama."

Kilichomnyima Lusia usingizi ni shamba. Lilikuwa la mpunga, huko huko Kasansa, bondeni, mahali ambapo maji hayakauki. Osward alilipata kwa Mzee Enoka msimu ule ule Lusia alipokuwa akimuuguza mama yake, mwaka tisini na nne. Mzee alikuwa amechoshwa na jembe. Sasa alikuwa na mashine, akikoboa mpunga wa wenzake.

Desturi ya ukoo wa Osward ilikuwa wazi. Mume akifa, ndugu yake huchagua kitu kimoja kwanza, na mjane hubaki na kinachobaki. Hapo nyumbani vitu vilikuwa viwili tu, shamba na gari. Ndugu alikuwa mmoja, Thadei wa Karema, mtu ambaye hakuwahi kuchagua vibaya. Shamba likienda, Lusia na watoto wangekula nini? Gari hata kuliendesha hakujua.

"Baba Edgar," alisema siku moja, "waite wazee uwaambie shamba ni langu. Au hilo gari litakuzika?"

"Nikiwaita watasema umenilisha limbwata." Osward akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Nipe kile kitambaa laini."

"Mimi nakuuguza wewe, wewe unauguza bati."

"Thadei atakuja kunizika, Mama Edgar. Nataka alikute linang'aa."

Lusia alikwenda jikoni akajifuta machozi kama mtu aliyeingiwa na moshi, na moto ulikuwa bado haujawashwa.

Osward alifariki mvua zilipokuwa zinakatika. Wanaume waliomwosha walisema nta haikutoka kwenye kucha zake, wakaamua azikwe nayo.

Matanga yalipoisha, Shangazi Tereza, mkubwa wa ukoo, aliwakusanya watu uani. Mzee huyo hakuwa na maneno mengi.

"Thadei, chagua. Ukishachagua, umechagua. Sisi hatuli matapishi yetu."

Thadei alikuna kidevu. "Shamba la Kasansa nimelisikia," alisema. "Wanasema halikauki mwaka mzima."

Lusia aliinamisha kichwa. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amelala mapajani, naye akamkumbatia kana kwamba huyo ndiye anayegawanywa.

"Ila ngoja kwanza nione na hili gari."

Thadei akaenda, akavuta turubai. Jua la saa nne likaangukia boneti, na watu wakafumba macho. Alipoinama aliuona uso wake wote, mpaka pengo la jino. Akaweka sawa kola ya shati. Akageuka ubavu, akajitazama tena.

"Kaka alijua kutunza," alisema. "Mimi nachukua gari. Shemeji, wewe baki na matope yako."

Watu wakaguna. Lusia akashusha pumzi, ila haikushuka yote. Shamba lilikuwa limepona, ndiyo. Lakini nguvu za mwisho za mumewe, ambazo yeye aliambulia kuzitazama tu, zilikuwa zinaondoka na mtu ambaye hakuja hata siku moja kumjulia hali mgonjwa. Asubuhi zote zile. Kitambaa, nta, kitambaa. Yeye hakupata hata neno la kuagwa.

Thadei aliketi nyuma ya usukani kama bwana harusi, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena.

"Betri hiyo," alisema. Akashuka, akafungua boneti.

Ndani mlikuwa na gunia la mchanga, limefungwa kwa kamba ili gari likae sawa kwenye springi zake. Injini haikuwepo.

"Umeshachagua," alisema Shangazi Tereza.

Lusia hakusikia makelele yaliyofuata. Alikuwa amerudi Kasansa, kwenye asubuhi ile Mzee Enoka alipoiwasha mashine yake mpya kwa mara ya kwanza. Ilikohoa mara mbili, ndipo ikashika, naye akamwacha mama kitandani na kukimbia mpaka barabarani, akidhani mumewe amekuja kumchukua.