Kasoro ya Mzee Mjaka

"Kushoto, Mjaka! Kushoto, pana mbuzi!"

Teksi ya Mzee Mjaka ilisikika kabla ya kuonekana. Kwanza ilikuja sauti ya mkewe, Bi Shemsa, kisha honi, kisha gari lenyewe. Miaka mitatu sasa bibi huyo alikaa mbele, ubavuni mwa mumewe, akimfundisha kazi mtu aliyeshika usukani tangu enzi za Sultani. Mzee wa watu alivaa miwani yake myeusi, akatii. Wanaume wa Darajani walimwonea huruma, wakazidi kuwapenda wake zao.

Mwaka 1969 ofisi ya leseni iliamua kuwasaidia madereva wazee. Msaada wenyewe ulikuwa kupimwa upya na kuelezwa makosa yao na Bwana Makungu, kijana aliyerudi kutoka kozi ya ng'ambo, ambaye kazini alikuja kwa baiskeli. Atakayeshindwa ananyang'anywa leseni. Kwa Mzee Mjaka, leseni ndiyo iliyokuwa unga, samaki na mafuta ya taa, na nyumbani hapakuwa na mwengine wa kuvileta.

Siku ya mtihani Makungu alimkuta Bi Shemsa keshakaa garini.

"Shikamoo, Bi. Tafadhali shuka."

"Marahaba. Sishuki. Gari hii nnaipanda tangu wewe hujazaliwa."

Walivutana mpaka bibi akakubali kuhamia kiti cha nyuma, kwa sharti kwamba asimwelekeze dereva hata kwa neno moja.

"Nshakubali," alisema. "Lakini kuamkia watu si kosa, au kozi yako imekataza na hilo?"

Kozi haikukataza. Wakaondoka Malindi kuelekea Bububu, na Bi Shemsa akaanza.

"Usi, hujambo? Mbona leo gari lako la ng'ombe liko katikati ya njia?"

Mzee Mjaka alipunguza mwendo.

"Tabia, mwanangu! Unavuka na watoto wote hao?"

Gari lilisimama kwa adabu.

"Jecha! Unatupita kulia na baiskeli yako, hata salamu hutoi?"

Hakumwacha mtu. Alipokosa mtu aliuombea dua msikiti wa kwenye kona, na alipokosa msikiti alimuulizia hali punda wa Simai aliyesimama kushoto. Makungu hakupata hata nafasi ya kutazama barabara. Safari nzima shingo yake ilikuwa imegeukia nyuma, akimkodolea macho bibi huyo na kumwomba Mungu subira. Hata hivyo, breki alizisikia, na kona alizisikia, na zote zilikuwa laini.

Waliporudi Malindi alishuka, akafungua mlango wa nyuma.

"Mzee Mjaka, umefaulu. Unawashinda vijana. Kasoro yako ni moja tu, nayo naiondoa leo. Kuanzia sasa mkeo marufuku kupanda gari hii. Kelele zake zitakuja kukuua."

Bi Shemsa alifungua mdomo.

"Neno moja tu, Bi, na leseni naichana."

Mdomo ukafungwa. Bibi alishuka, akasimama kando ya njia, hofu imemjaa na machozi yanamlengalenga, kimya kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Makungu alimtazama, akafurahi kwamba elimu yake imeanza kuzaa matunda.

Akazunguka mpaka mbele ya gari, akasimama hapo hapo, akaiinua leseni juu huku akitabasamu.

Mzee Mjaka aliwasha gari, akatoa kichwa dirishani.

"Ahsante, Bwana Makungu. Au ushaondoka? Nambie basi, mbele pana mtu?"