Fungate ya Picha

"Mwone huyu mke mwenzio naye," Moza alisema, akimsogezea Maimuna simu juu ya marobota ya vitenge. "Kamvika mumeo shati kama pazia la gesti."

Pichani, Abdulhamid alisimama mbele ya mlango wa nakshi, Mji Mkongwe, jasho linamtiririka, tumbo kalivuta ndani. Miaka hamsini na minne, fungate ya mke wa pili, na bado anatabasamu akiambiwa. Aibu hana.

Maimuna aliitazama picha bila kuishika simu. "Kama mtu aliyesahau funguo ndani. Kesho wanaenda wapi?"

"Makunduchi. Juzi Paje, jana Nungwi, leo wamerudi mjini. Kisiwa wamekizunguka mara mbili, na huyo Sitara kila jiwe anataka picha."

"Hewala." Maimuna akawaashiria vijana wa mkokoteni wabebe robota jingine.

Duka la Moza lilitazamana na lake. Wiki nzima Moza alikuwa akivuka mtaa kila asubuhi na picha ambazo Sitara aliziweka WhatsApp, akitarajia kumwona jirani yake akilia. Hakupata hata chozi moja, na hilo lilimuudhi kuliko picha zenyewe.

Maana mtaa mzima ulijua: Abdulhamid akirudi, anauza duka. Maimuna ndiye aliyelisimamisha kwa miaka kumi na tisa, lakini kwenye karatasi jina ni la mume. Wengi walisema hela itaishia kwa Sitara. Wengine walisema Sitara naye ajiandae, wa tatu ameshaposwa Buguruni.

"Shoga, fanya kitu," Moza alisema. "Mwenzio anakula raha, wewe umekaa tu hapa."

"Sijakaa. Nafanya kazi."

"Kazi ya kumnenepesha Abdulhamid. Bora huyo mteja wako wa Magomeni, hachoki kununua. Mkokoteni wa nne huu tangu asubuhi."

"Mungu ampe afya," Maimuna alisema.

Moza akasonya, akarudi dukani kwake. Mwanamke gani huyu, hata wivu hajui?

Simu ya Maimuna ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Sitara.

"Shikamoo dada. Miguu imemvimba, anataka turudi leo. Nimemwambia bado hatujapiga picha na kobe. Umebakiza marobota mangapi?"