Kicheko cha Fisi

Wanyama wa mji wa Vichakani walikuwa wakipeleka kesi zao kwa Simba, ng'ambo ya msitu. Siku moja wakakaa kikao kuamua kama wawe na mahakama yao wenyewe.

Kanga, aliyependa mambo yaishe mapema, akasema, "Ndugu zangu, fimbo ya mbali haiui nyoka."

Fisi, mwenye kushuku kila mtu, akaruka juu. "Nihukumiwe na majirani? Hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani! Nyote mnanichukia."

Wakapiga kura. Fisi akashindwa, na Kanga akawa hakimu.

Haukupita muda, nyama ya Chui ikaibwa alasiri. Kesho yake Chui akamburuta Fisi mahakamani. "Fisi ni fisi," akasema. "Mnataka ushahidi gani tena?"

Kanga akawageukia majirani. "Jana alasiri, nani alimsikia Fisi akicheka?"

Hakuna aliyemsikia.

"Basi hakula nyama," akasema Kanga. "Huyu tumekaa naye miaka. Hata akiokota mfupa mkavu, hucheka mpaka watoto wetu wanaamka. Aende zake nyumbani."

Fisi akapiga magoti, machozi yakimtoka. "Asanteni, jirani zangu. Kule kwa Simba wanalijua jina langu tu. Ninyi mnanijua mimi."

Akatoka nje akiangua kicheko, mji mzima ukasikia. Chui akadakia, "Mnamsikia? Amekula!"

"Hapana," akajibu Kanga. "Leo ameshiba haki."